Mguu wa Saado

"Mtoto analia njaa, na wewe umekaa kumkanda mamake nyayo!" Weris alisimama mlangoni, chupa ya maziwa ya mbuzi mkononi. "Ziwa liko kifuani, Idil. Au huko chuo cha ukandaji mliambiwa limehamia miguuni?"

"Ngoja kidogo, eddo." Idil alimwita shangazi kwa heshima, lakini kidole gumba chake hakikuacha unyayo wa dada yake.

"Nimengoja tangu alfajiri. Mjukuu wangu si ngamia."

Kitandani, Saado alikuwa ameegemea mito, mwanawe begani, macho yamemvimba. Tangu ajifungue alitaka kitu kimoja tu: amnyonyeshe mwenyewe. Maziwa yalikuja tone kwa tone, na kila mwanamke wa mtaa wa Galbet aliyeingia kumpongeza aliacha dawa yake na lawama yake.

"Muuguzi amekataza chupa," Idil alisema. "Asiposhiba sasa hivi, tunampeleka zahanati mchana huu huu. Mimi mwenyewe nitambeba."

Weris hakuondoka. Alikuwa mbishi, lakini ubishi wake ulikuwa na masikio.

"Hebu niambie. Kuna mshipa unaotoka unyayoni hadi kifuani?"

"Wapo wanaosema hivyo. Mimi sina hakika. Ninachojua ni kwamba mzazi akitulia, maziwa hushuka upesi. Shika mwenyewe."

"Mimi? Nimshike mkaza mwana miguu?"

"Haitakuuma."

Weris akacheka bila kupenda. Aliweka chupa dirishani, akaketi mkekani na kuupakata mguu wa kushoto. Loo! Vidole vilikuwa vimejikunja kama vya ndege aliyeshika tawi kwenye upepo. Akapaka mafuta ya simsim, akakanda polepole kama alivyoona. Kidole kimoja kikalegea, kisha cha pili. Chumba kikawa kimya, ila feni. Mtoto akashika ziwa, akanyonya, na Weris akasikia jambo ambalo hakuwa amelisikia siku zote hizo: mtoto anameza. Gu. Gu. Gu.

"Subhanallah," alinong'ona.

Lango la bati likagongwa. "Hodi wenyewe! Ni Ramlo na wenzangu! Tumekuja kumwona mtoto!"

Mguu ukakakamaa mikononi mwake kama fimbo. Vidole vikajikunja. Kitandani mtoto akaachia ziwa na kulia.

Weris aliutazama mguu, akautazama mlango, akaurudia mguu.

"Saado. Ni wageni?"

Saado aliinamisha kichwa. "Wanambeba kabla hajashiba, hooyo, mama yangu. Wananichungulia chini ya shuka waone kama yanatoka. Lakini umewaalika wewe. Ningesemaje?"

Ni kweli, aliwaalika yeye. Mjukuu wa kwanza, na birika halikuwa limeshuka jikoni tangu azaliwe. Na nyumba ya Msomali haimrudishi mgeni. Hilo alilijua kabla ya kujua kutembea.

"Endelea na mguu," alimwambia Idil. Akajifunga mtandio, akatoka uani.

"Mzazi hapokei wageni," alisema langoni. "Mpaka arobaini ziishe."

"Weris! Unaturudisha na jua hili?"

"Ndiyo, Ramlo. Nendeni salama."

Akasukuma komeo mpaka mwisho.