Rangi Mpya ya Trekta

Watu sita walilisukuma trekta la ushirika hadi uwanjani, wakicheka kuliko walivyosukuma. Usukani aliushika dereva, Mama Mteremko. Jina hilo alipewa kwa sababu kila jioni aliliegesha juu ya kilima, asubuhi akaliachia lishuke mpaka liwake.

Leo mteremko haukuruhusiwa. Saa nne angekuja mthamini. Lisipowaka kwa ufunguo, lingeandikwa chuma chakavu, lipigwe mnada. Na mvua zilikuwa zinabisha hodi, mashamba ya wanachama hayajaguswa.

"Hii betri ya tatu mwaka huu!" alifoka meneja kutoka dirisha la ofisi. "Dainamo ya kuichaji ni nzima. Taa ya chaji haiwaki hata siku moja."

Fundi, shemeji yake dereva, alichomoa kichwa kwenye injini. "Hata ukifungua ufunguo, injini haijawaka?"

"Haiwaki kabisa!"

"Basi huo ndio ugonjwa, mkuu. Hapo lazima iwake, injini ikinguruma ndipo izime. Taa isiyolalamika siyo kwamba imeshiba."

"Kama mke wako," alidakia Mama Mteremko.

"Huyo dada yako? Huyo hazimi, shemeji."

Mkanda unaoizungusha dainamo ulikuwa umekaza. Fundi alichukua balbu yenye nyaya mbili, mmoja akaufunga kwenye chanya ya betri ya lori lililokuja kuwashia. Nyaya nene za kuazimia moto zilikuwa zimeshaunganisha magari hayo mawili. Ule wa pili akaugusisha kwenye injini: balbu ikawaka. Akaugusisha kwenye bodi ya dainamo: kimya.

"Dainamo haipati bodi ya injini. Umeme wake hauna njia ya kurudi."

Alifungua bolti ya dainamo. Chini yake palikuwa na rangi ya bluu, nene kama ganda la yai. Wakatazamana, kisha wakaitazama ofisi. Mwanzoni mwa mwaka alikuja mgeni mkubwa, na trekta likapakwa rangi kuanzia pua hadi mkia. Dainamo ilifunguliwa, ikapakwa, ikarudishwa.

"Wameivisha koti la mvua!" alicheka Mama Mteremko hadi machozi. "Miezi minane naegesha kilimani kwa ajili ya mgeni aliyekaa robo saa!"

Walikwangua rangi kwa msasa mpaka chuma king'ae, wakakaza. Ufunguo: taa nyekundu. Moto wa lori: injini ikanguruma, taa ikazima. Watu sita wakapiga vigelegele.

Mthamini alifika saa sita. Kwa mara moja kuchelewa kwa mkubwa kuliwafaa wadogo: betri ilikuwa imekunywa chaji saa nzima na zaidi. Mama Mteremko alizima injini mbele yake, akawasha tena kwa ufunguo tu. Mthamini akaandika, "Linafanya kazi," akaondoka.

Meneja alilizunguka trekta, akainama.

"Nani kakwaruza hapa? Mgeni anarudi mwezi ujao. Lipakwe lote upya!"

"Sawa, mkuu," alisema Mama Mteremko.

Alikikunja kipande cha msasa, akakitia kwenye mfuko wa ovaroli, akafunga kifungo. Kisha akaliendesha trekta kuelekea mashambani. Alipopita kilima, hakukitazama.