Simba wa Rangi ya Maji

Mwalimu Edmund alikuwa akipaka rangi huku mkewe Julia akiwa bado na ngata ya kubebea mtungi kichwani. Newala haina maji. Hata ya kuchovyea brashi yalifuatwa bondeni na kupandishwa mteremko mzima.

Mkaguzi wa shule, Mzungu wa sauti ya upole, alimfundisha kuchora wanyama: mwili upitishiwe rangi nyepesi mara moja tu, brashi nyembamba iguse pale jicho la mtazamaji linapotaka kukaa. Kwa hiyo simba wa Edmund alipata macho, meno na kucha za mguu mmoja. Kwingine kote alikuwa doa la hudhurungi. Mkaguzi alifurahi, akamtundika ofisini ndani ya fremu ya kioo.

Wiki hiyohiyo simba alionekana kwenye njia ya bondeni. Meno na kucha vilikuwa kamili. Ubavuni mwake nyasi za upande wa pili zilionekana. Alimla Somoe, mke wa jirani yao Lukmani. Lukmani alimpiga simba kwa gobole, risasi ikapita ikirusha matone. Wanaume wakaenda kwa Edmund bila ugomvi, wakamwomba ammalizie simba wa picha mwili, wapate pa kupiga.

Edmund alifika ofisini kuiomba picha. Mkaguzi alisema uzuri wa picha ile ni kile kilichoachwa. Lakini amchoree kwanza wanawake wachota maji, ndipo wazungumze habari ya simba.

"Mitungi uichore vizuri," alisema. "Nyuso si lazima."

Edmund alimsihi mkewe asiende bondeni.

"Tutakunywa nini, Baba Ethel?" Julia akauliza, akashuka na wenzake.

Edmund akachora, nyuso akazipitishia rangi nyepesi kama alivyoagizwa. Mkaguzi aliisifu picha, akaifunga pamoja na ile ya simba, akapanda gari kwenda Lindi kungoja meli. Likizo yake ilikuwa imefika.

Wanawake walirudi wazima. Julia alitua mtungi. Usoni pake, kama pa wenzake wote, palikuwa na hudhurungi tupu, laini. Ethel alijificha nyuma ya baba yake, akamwamkia mama yake shikamoo kama mgeni. Julia akaitikia marahaba, akauliza nani ana kiu.

Alfajiri wakashuka tena. Jua lilipochomoza ukasikika ukelele mmoja bondeni. Waume walisimama ukingoni, wakaita kila mtu mkewe, kisha wakanyamaza wasikie ni nani asiyeitika.