Vidole Viwili

Nchi ilipogawanywa mbili, siku meli ilipowachukua wapiganaji wa mapinduzi kutoka Kusini kwenda Kaskazini, Khiết alisimama kwenye gati ya bandari ya Quy Nhơn akamwinulia mkewe vidole viwili. Wanaume wote walifanya hivyo: miaka miwili tu, nchi itaungana, tutarudi. Sương akamjibu kwa vidole vyake viwili, mkono wa pili ukishika tumbo lililoanza kutuna.

Miaka hiyo miwili ikawa ishirini. Sương aliishi kwa kupika mikate ya mchele, myembamba kama karatasi, na kuianika juani kwenye chanja za mianzi. Serikali ya Kusini ilimtaka atie sahihi kwamba amemkana mumewe. Alikataa, akafungwa miezi saba, akatoka na meno pungufu. Bi Mẹo, jirani yake, alizoea kumtania kisimani: hivi huko Kaskazini watu huhesabuje, mbona viwili haviishi? Sương alicheka na kujitwika ndoo zake.

Mwanawe, Thuần, alipofika miaka kumi na minane, serikali ileile ikamvika sare yake na kumpeleka vitani. Alirudishwa sandukuni. Picha pekee aliyoacha ilikuwa ya sare hiyo. Mama yake akaiweka kwenye meza ya mababu, ya kuwaenzi wafu wa ukoo, na kila siku akamwekea bakuli la wali.

Mwaka uliofuata vita vikaisha, Kaskazini ikashinda, na Khiết akarudi. Alikuwa na mvi. Alifuatana na mwanamke wa Kaskazini, Nhàn, na wasichana wawili. Sương aliwakaribisha, akawapikia. Nhàn akamwita dada, akaosha vyombo bila kuambiwa, machozi yakimdondokea kwenye karai. Habari za mke wa kwanza alikuwa ameambiwa njiani tu. Sương alimtafutia chuki moyoni, asiione.

Khiết alisimama mbele ya meza ya mababu, akauliza huyu kijana ni nani.

"Mwanao, Thuần," Sương alisema.

Khiết aliitazama picha kwa muda mrefu. Kidevu kilikuwa chake. Kisha macho yakashuka kwenye sare ya Kusini, na alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ya mtu wa ofisini. Alieleza kwamba anatarajiwa kuiongoza wilaya, kwamba kesho wajumbe watakuja kumwamkia, na kwamba historia ya familia huchunguzwa. Hakusema picha itupwe. Ikae sandukuni tu, chini ya nguo.

"Ni kwa muda, Mama Thuần. Mpaka mambo yatulie."

"Muda gani?"

"Mwaka. Labda miwili."

Mlangoni, Nhàn aliweka bakuli chini taratibu.

"Baba Thuần," Sương alisema, "walinivunja meno ili nikukane wewe uliye hai, nikakataa. Leo nimkane huyu aliyekufa?"

Akachukua kijiti cha udi, akakiwasha, akakichomeka mbele ya picha.

Khiết hakulala hapo. Alisema wajumbe atawapokea mjini, akawaita watoto. Nhàn alibaki nyuma kidogo. Aliinama mara tatu mbele ya picha ya kijana asiyemjua, kisha akamfuata mumewe.

Sương alitoka kugeuza mikate yake kabla jua halijazama. Kwenye kona ya barabara Khiết aligeuka, akamtazama. Safari hii hakuinua kidole hata kimoja.