Mpwa Jukwaani

Sadallah wa Chilangala alikuwa mtu wa kuchekesha tangu ujana wake. Watu walimzoea hivyo kiasi kwamba hata akisimama msibani kutoa neno la shukrani, wapo walioinamisha nyuso kuficha kicheko. Alikuwa mkulima wa korosho, mpiga ngoma hodari, na umri wake ulishavuka hamsini. Kwa hiyo Mwalimu Huruma alipofika kutoka Newala mjini kutafuta watu wa kundi la maigizo, jina la kwanza alilotajiwa lilikuwa lake.

Kundi hilo lilikuwa la tamasha, la kwanza la aina yake kufanyika huko. Jumapili moja lingekuwa Masasi, na Jumapili inayofuata lingepanda Newala. Wangekuja Wamakonde, Wamakua, Wayao, Wamwera wachache kutoka upande wa Nachingwea, na wageni kutoka ng'ambo ya Ruvuma. Kila kundi lilitakiwa kuleta ngoma ya kwao, nyimbo za kwao, na igizo moja kuhusu jambo linaloumiza watu nyumbani lakini halisemwi ila kwa kunong'ona.

"Tuigize mjane," alisema Selestina, mama mmoja wa kundi hilo, siku ya kwanza walipokutana katika darasa la shule ya msingi. "Mume anakufa, wapwa wanakuja wanachukua mikorosho. Mke anafunga mkeka wake na watoto wake anarudi kwao. Hilo nani asiyelijua hapa?"

Wanaume wawili watatu wakakohoa. Mwalimu Huruma akaandika kwenye daftari lake, kisha akauliza nani atakuwa mpwa. Macho yote yakamwendea Sadallah.

Alikubali bila kusita, na ndilo jambo lililomshangaza mwenyewe baadaye. Maana Sadallah alikuwa mpwa kweli. Miaka kumi na moja nyuma alikuwa amefiwa na mjomba wake Suleimani, kaka yake mama yake, na wazee wa ukoo walikaa wakamkabidhi yeye shamba la mikorosho. Mke wa mjomba, Pili, Mmakua wa Lisekese kule Masasi, alirudishwa kwao pamoja na mwanawe Ashiru. Kwa Sadallah hilo halikuwa kosa. Mtu na mpwa wake ni wa tumbo moja, mtoto ni wa ukoo wa mama yake; hivyo ndivyo alivyolelewa akajua. Mpwa wa kwenye igizo alikuwa mtu mwingine, mlafi, mwenye tumbo la mbele na maneno mengi. Sadallah alijifunga mto tumboni akamcheza.

Na alimcheza hasa. Aliingia jukwaani akinusa hewa kama mtu aliyesikia harufu ya pilau. Alikikalia kigoda cha marehemu, akakijaribu huku na huku kama anunuaye baiskeli. Alipita kutoka mkorosho hadi mkorosho akiupiga kila mmoja kwa kiganja, pa, pa, pa, kama mchuuzi anayepiga mgongo wa ng'ombe. Wenzake walicheka mpaka mazoezi yakasimama.

"Hiki cha kupiga miti umekitoa wapi?" Mwalimu Huruma alimuuliza, akifuta machozi.

"Kimekuja tu, Mwalimu."

Lakini alipokuwa akirudi nyumbani jioni ile alikumbuka kilikotoka. Alipiga vilevile asubuhi ya kukabidhiwa shamba, mti kwa mti, na Pili alikuwa amesimama mlangoni akimtazama. Sadallah akatembea hatua kadhaa akiwa na kumbukumbu hiyo, kisha akaanza kuwaza habari za salfa, unga wa dawa ya mikorosho, kwa kuwa mikorosho ilikuwa imeanza kutoa maua na kazi ya kupulizia ilikuwa haijaisha.

Siku ya Masasi jua lilikuwa kali, na watu wa Newala waliotoka kwenye baridi ya juu mlimani walivua masweta yao mapema. Uwanja wa mpira ulijaa. Wayao walicheza wakafuatiwa na wageni wa ng'ambo, ambao walizungumza Kimakonde chenye maneno ya Kireno ndani yake, na wazee wa Newala wakafurahi kuwasikia kama waliosikia sauti za ndugu waliopotea. Kundi moja la vijana liliimba juu ya wasichana wanaoachishwa shule. Kisha wakaitwa watu wa Chilangala.

Igizo lilikwenda vizuri mno. Sadallah alipokalia kigoda, kicheko kilianzia mbele kikazunguka uwanja mzima. Alipotupa nje mkeka wa mjane, ambaye alichezwa na Selestina, Mwalimu Huruma aliingia katikati na kipaza sauti akawasimamisha.

"Ndugu zangu, igizo letu linaishia hapa kwanza," akasema. "Sasa ni zamu yenu. Nani aje asimame mahali pa mjane, atuonyeshe angefanya nini?"

Akapanda msichana mmoja, akatishia kwenda polisi. Sadallah akamuuliza kama polisi wanajua kuokota korosho, watu wakacheka. Akapanda bwana mmoja aliyejifunga khanga kichwani, akalia na kugaragara. Sadallah akamtolea leso, akapengea kamasi yeye kwanza kabla ya kumpa. Uwanja ukapasuka.

Wa tatu alikuja taratibu kutoka upande walikokaa waimbaji wa Lisekese. Sadallah aliujua mwendo kabla ya sura: mguu wa kushoto uliburutwa kidogo, kama zamani. Alikuwa amekonda. Alipanda ngazi za jukwaa akiwa ameshika ukingo, akasimama mbele yake, na Sadallah, ambaye kwenye igizo hakumwamkia mjane hata mmoja, alijisikia akisema, "Shikamoo, Mama Ashiru."

Selestina aligeuka kumtazama. Mjane wa kwenye igizo aliitwa Mama Tatu.

"Marahaba," alisema Pili. Mwalimu Huruma akamsogezea kipaza sauti. "Mimi sikuja kudai mikorosho. Mikorosho mlichukua, mimi nikanyamaza. Ila mume wangu mlimzika humohumo shambani, na siku nilipoondoka nikaambiwa nisikanyage tena. Nimetii. Miaka kumi na moja sijui kaburi la mume wangu limekaaje. Wewe unalipita kila siku ukienda kazini. Mimi naomba njia tu, nipite nikalifagie."

Uwanja ukatulia. Kisha mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Mjibu, bwana."

Sadallah akafungua kinywa. Mzaha haukosekani kwake. Aliutafuta mahali unapokaa siku zote, asiupate. Mto wa tumboni ulikuwa umeteleza ukamkaa ubavuni. Kilichotoka kilikuwa kweli tupu.

"Limeota majani, Mama."

"Nilijua," alisema Pili.

Watu wachache walicheka wakidhani ni sehemu ya igizo, kisha wakaacha. Mwalimu Huruma akawaomba watu wampigie makofi mama huyo. Makofi yakapigwa. Pili akashuka kama alivyopanda.

Sadallah alimkuta nyuma ya uwanja, mahali walipokuwa wakipakua chakula cha wageni. Alikuwa amekaa kwenye benchi na wenzake wa kwaya, sahani mapajani. Wenzake walipomwona Sadallah wakainuka mmoja mmoja, wakasogea.

"Sikujua ni wewe," Pili alianza. "Nimekuja kuimba. Nikakuona unavyopiga ile miti. Ndivyo ulivyofanya siku ile, hivyohivyo."

"Watu wanacheka."

"Hata mimi nilicheka. Unachekesha, Sadallah. Ulikuwa unamchekesha mjomba wako hata kifua kikimbana, mpaka nakwambia toka nje umwache apumue."

Sadallah aliinamisha kichwa. Hilo alikuwa amelisahau kabisa: godoro sakafuni, mjomba akishika mbavu na kumwomba aache, na huyu mama akimfukuza kwa kipande cha khanga huku naye akicheka.

"Uje," akasema. "Jumamosi. Kesho yake tunacheza Newala, utalala kwetu."

"Mama yako anajua?"

"Nitamwambia."

Mama yake alikuwa mzee sana sasa, lakini masikio yalikuwa mazima, na habari za Masasi zilikuwa zimemfikia kabla gari la kundi halijapanda mlima. Alimsikiliza mwanawe hadi mwisho.

"Suleimani alikuwa wa tumbo la mama yangu," alisema. "Ile mikorosho ni ya watu wa tumbo hilo. Ashiru ana wajomba zake Lisekese. Mimi sikuitunga desturi hii, na wewe hukuitunga."

"Ndiyo, mama. Lakini ile ya kule chini, kwenye mteremko, nani aliipanda?"

Mama yake akaanza kukunja ncha ya khanga yake.

"Mimi nilikuwepo," Sadallah aliendelea. "Alipanda mke wa mjomba, ana mimba ya Ashiru. Mjomba alikuwa anaumwa mguu mwaka ule. Maji ya miche alibeba yeye kichwani, kutoka bondeni, na wewe unajua ule mlima."

"Kaburini aje," mama yake alisema. "Haya mengine usiniulize mimi."

Jumamosi Pili alifika na basi la asubuhi mpaka Newala, kisha pikipiki mpaka Chilangala. Mama yake Sadallah alimpokea ugani, akamuuliza habari za safari na za watu wa Lisekese, akamkaribisha chai. Walizungumza kwa adabu kama watu waliokutana msikitini. Muda wa kwenda shambani ulipofika, bibi alisema miguu inamuuma.

Sadallah alikuwa ameazimia kulifyeka kaburi mapema, lisimtie aibu. Alikuwa hata ametoka na panga alfajiri ya Ijumaa. Alipofika akaona kwamba hiyo ndiyo kazi aliyoiomba mwenzake mbele ya watu wote, akarudi na panga lake. Sasa walisimama wote wawili mbele ya kichaka. Jiwe la kichwani halikuonekana.

 Pili alikunja kitenge chake, akapiga magoti, akaanza kung'oa. Sadallah akaanza upande wa miguuni. Walifanya kazi hivyo mpaka udongo ukaonekana mwekundu, wakazungusha mawe upya. Wakasoma dua. Alipomaliza, Pili alibaki amekaa chini, mikono imejaa udongo, akaongea na marehemu kwa Kimakua kwa sauti ya kawaida, kama anayempa mtu habari za nyumbani. Sadallah alisikia jina la Ashiru mara kadhaa. Mengine hakuyaelewa, akasogea pembeni.

Waliporudi alimpitisha kule kwenye mteremko.

"Hii yote uliipanda wewe," alisema. "Ichukue. Nitawaambia wazee."

"Sikuja kwa hilo."

"Najua hukuja kwa hilo."

Pili aliitazama mikorosho. Ilikuwa mikubwa, matawi yameshikana. "Mwambie Ashiru mwenyewe," akasema. "Mimi siwezi kumbebea. Yuko Tandahimba, ni seremala. Jina lako ndani ya nyumba yake halitajwi, nikufiche nini."

Usiku ule Sadallah hakulifikiria igizo la kesho hata kidogo, lakini asubuhi Mwalimu Huruma alimfuata. Selestina alikuwa ameshamweleza mambo.

"Nimwombe mwingine acheze mpwa," mwalimu alisema. "Sitaki kukuumiza."

"Niache nimalize, Mwalimu."

Newala kulikuwa na ukungu hadi saa nne, na ngoma zilianza watu wakiwa bado wamejifunika mashuka. Sadallah aliingia bila mto tumboni. Alisema maneno yaleyale, akakalia kigoda kilekile, lakini hakuongeza mbwembwe. Watu wa nyumbani waliokuja kumcheka wakatazamana. Alipotupa mkeka nje hakuna aliyecheka, na Mwalimu Huruma alipowaita watu wapande, hakuna aliyeinuka.

Ndipo Sadallah akaomba kipaza sauti.

"Mnanijua," alisema. "Mimi mpwa wa Suleimani. Haya niliyoyacheza hapa sikufundishwa na mtu, niliyafanya. Mke wa mjomba wangu huyo hapo amekaa. Desturi ilinipa shamba. Lakini desturi haikuniambia nimzuie mtu kaburi la mumewe. Hilo nililifanya mwenyewe. Na mikorosho ya mteremkoni aliipanda yeye. Namrudishia."

Kina mama wa upande wa kulia walipiga vigelegele. Upande wa wazee hakuna aliyepiga makofi, na mmoja wao, Mzee Basil, aliyekuwa katika kikao cha wazee kilichomkabidhi shamba, aliinuka akaondoka akijikongoja na fimbo yake. Baadaye alimwita Sadallah kando.

"Mambo ya ukoo husemwa nyumbani," alimwambia. "Umetuvua nguo mbele ya Wamakua na wageni."

"Nyumbani hatukuyasema, baba. Miaka kumi na moja."

Mzee Basil hakuitikia tena shikamoo yake kwa muda mrefu.  Siku ya pili yake mama yake Sadallah alimtuma mjukuu ampelekee Pili, kabla hajapanda basi, mfuko wa kunde.

Kwa Ashiru, Sadallah alikwenda mwenyewe Tandahimba. Hakufunguliwa mlango. Alikwenda tena wiki iliyofuata akamkuta nje akipiga randa. Ashiru alimsikiliza bila kuinua kichwa wala kuacha kazi. Sadallah akaaga akarudi.

Mwishoni mwa Agosti alikuwa shambani, kitambaa puani, akipulizia salfa, alipoona mtu amesimama chini kwenye mteremko. Alizima mashine, akavua kitambaa, akashuka. Ashiru alikuwa mnene, mwenye ndevu, na kusimama kwake, mikono nyuma, kulikuwa kwa Suleimani mtupu.

"Mpaka ni wapi?" Ashiru aliuliza. Hakusema shikamoo.

Sadallah akamtembeza. Walizunguka mti kwa mti, Sadallah akionyesha mpaka huku na huku. Kwenye mti mmoja Ashiru alisimama, akavuta tawi, akalitazama kwa karibu. Maua yalikuwa na vumbi jeupe.

"Hii ina nini?"

"Ubwiriunga, ukungu unaokausha maua," Sadallah alisema. "Mti huu niliuchelewesha salfa. Ukiwahi leo bado utabeba."

Ashiru akaupangusa mkono kwenye suruali.

"Hiyo mashine yako," akasema, "inawashwaje?"