Feni ya Tangi la Mbele

Jumanne tarehe kumi na mbili Machi 2019, saa nne asubuhi, karakana nzima ya meli ilinyamazishwa ili wakubwa wapate kumsujudia nguruwe. Ndiyo siku niliyofiwa na mke wangu, naye hata mafua hakuwa nayo.

Ada yenyewe sina ugomvi nayo. Sisi watu wa bandari hatufungi mwili wa chombo kabla ya kutandika meza ya tambiko: mikate ya mchele, pombe nyeupe, na kichwa cha nguruwe kilichochemshwa kikiwa kinatabasamu. Babu zetu walifanya hivyo kwa mashua za mbao, sisi tunafanya kwa nyambizi. Ila zamani waliotangulia kusujudu walikuwa mafundi. Siku hizi hutangulia wenye tai na glavu nyeupe, sisi tunasujudia migongo yao.

Ile nyambizi nimeichomelea kwa mikono hii. Chuma chake kina maringo. Hukigusi mpaka ukipashe moto, na ukishamaliza unakifunika blanketi kipoe taratibu kama mgonjwa wa homa. Ukikiharakisha kinaficha ufa ndani yake, nao utafunguka huko chini baharini watu wakiwa wamo. Wahandisi nao walituhubiria jambo moja tu, ukimya. Injini za dizeli, zile za kujaza betri, zilikalishwa juu ya vipande vya mpira ili mtikisiko usifike majini. Ikizama, inakwenda kwa umeme wa betri, na kijiko kikidondoka jikoni adui anasikia. "Kelele ni kifo," wakaandika mpaka ukutani.

Mke wangu Bok-rye alikuwa mpaka rangi. Kazi yake ilikuwa nje, kwenye ubavu wa chombo. Lakini siku ya kuishusha majini ilivutwa mbele, eti kuna mkubwa aliyetaka aione ikielea kabla hajastaafu. Basi chuma kisichotaka haraka kikaharakishwa, na rangi nayo ikaharakishwa. Asubuhi hiyo Msimamizi Noh alimfuata Bok-rye. Mwenzake wa kazi, Cha-ok, alikuwa pembeni, na maneno haya ninayo kutoka kwake.

"Mama Seon-ju, wewe ndiye mwembamba hapa. Ingia tangi la mbele umalizie zile kona."

"Leo mwembamba? Jana si uliniita pipa?"

"Pipa limepungua. Ingia bwana, wageni wako njiani."

"Na hewa?"

"Feni hiyo hapo juu inanguruma. Husikii?"

"Nasikia. Ikinyamaza nitatoka nikupake wewe rangi, uso mzima."

Wakacheka. Akaingia. Tundu la tangi lile linapitisha mabega tu, na rangi yake inalewesha kuliko pombe. Pumzi ya aliyemo ndani hutoka kwenye bomba nene linaloshuka kutoka kwa feni iliyo juu ya sitaha. Na meza ya nguruwe ilitandikwa hapo hapo, karibu na feni.

Mkurugenzi alianza kusoma dua, sauti yake ikamezwa na mngurumo. Mtu mmoja kule mbele akapunga mkono: zima hiyo. Mimi nilikuwa nyuma na wachomeleaji wenzangu, niliona glavu nyeupe ikipanda na kushuka, uso sikuuona. Feni ikazimwa. Pil-gu, rafiki yangu, akanong'ona, "Haya, na sisi tumekuwa nyambizi." Nikacheka. Sikujua mke wangu alikuwa chini ya miguu yetu. Kwangu mimi alikuwa nje, ubavuni, anaganda kwa baridi.

Dua ikaisha, zikaja hotuba, zikaja picha. Cha-ok ndiye aliyeshuka na mkate wa mchele kumwita mwenzake. Akaita tunduni mara ya kwanza, ya pili, kisha akapiga ukelele tuliousikia wote. Tulipomtoa, brashi ilikuwa bado mkononi.

Uchunguzi ukafanyika. Wakasema Bok-rye aliingia tangini bila ruhusa. Noh alisema yeye aliagizwa kuharakisha, hakuambiwa feni itazimwa. Aliyebonyeza swichi alisema alipungiwa mkono. Na waliokaa mbele walisema hawajui hata feni ilikuwa wapi. Mkono wa mkubwa hauna jina.

Zilipokaribia sherehe za kuishusha majini, alikuja nyumbani kijana wa ofisini na sanduku la peasi. Kwetu kamba ya kushushia chombo hukatwa na mwanamke, kwa shoka, na kwa kawaida huwa mke wa mkubwa. Safari hii walimtaka binti yangu Seon-ju, muuguzi wa Busan.

"Ni heshima kubwa, Baba Seon-ju."

"Heshima mpelekee aliyezima feni."

"Mzee, hayo si yameshakwisha?"

"Yameisha kwenu. Beba peasi zako."

"Ziache hapo," Seon-ju akasema. "Nitakata."

Kijana alipotoka nikamgeukia. "Wamekununua kwa shoka?"

"Baba, njoo tu. Vaa lile koti alilokununulia mama."

Nilikwenda na koti langu na hasira yangu. Bendi, maputo, na nyambizi nyeusi inang'aa. Seon-ju akavishwa glavu nyeupe, akapewa shoka, akasogezewa kipaza sauti aitakie heri.

"Nawaombea mabaharia warudi salama kila safari," akasema. "Mama yangu ndiye aliyepaka tangi lao la mbele. Kabla sijakata, naomba kuuliza. Asubuhi ile, nani alipunga mkono feni izimwe?"

Noh akamtazama mkurugenzi, mkurugenzi akatazama viatu vyake. Kisha pale mbele mkono ukapungwa tena, bendi ikalipuka, kipaza sauti kikafa. Seon-ju akalaza shoka mezani, akavua glavu, akaja kukaa karibu yangu. Kamba ikakatwa na mke wa mkurugenzi, baada ya kuhangaika nayo.

Sasa nyambizi iko huko chini, kimya kama walivyotaka. Kila Machi tunamtandikia Bok-rye meza, na Seon-ju huwasha feni ya jikoni na kuiacha ikinguruma mpaka tumalize kusujudu. Glavu nyeupe zilikuwa nyingi mbele ya yule nguruwe. Ile iliyopanda na kushuka, ndani yake ulikuwamo mkono wa nani?