Nahumu Hajazikwa

Jumamosi asubuhi Tabea alikuwa akimenya viazi mlangoni, mgongo ukiwa juani kwa sababu ya baridi ya Juni, mwanawe Nahumu alipoingia uani akitokea msituni. Alikuwa amekufa tangu mvua za kwanza. Magome yalimfunika kutoka vidoleni hadi viwikoni, na nyuma ya sikio palikuwa na uyoga mdogo.

"Kamwene, mama."

"Kamwene. Futa miguu, nimefagia."

Alifuta miguu, akaketi. Viazi hakuvitaka. Aliomba azikwe.

Ule msitu wa juu ya kijiji cha Mjimwema ulikuwa na wenyewe. Watu waliokota kuni humo, lakini hakuna aliyemwita mwenzake kwa jina akiwa ndani. Ukimtaka mtu, unapiga mluzi. Wenye msitu wakilisikia jina hulishika, na wakilishika hulitumia. Kisha walikuja watu wa miwati, ile miti inayopandwa kwa biashara ya magome, wakaanza kuukata wapate pa kuipanda, na mnyapara wao, Kornelio wa Makambako, akawa anaita majina ya vibarua kila asubuhi katikati ya miti. Wazee walipomwendea, aliwauliza kama walitaka awapigie watu mluzi kama mbwa.

Siku moja sauti kama ya Kornelio ilimwita Nahumu kutoka bondeni. Nahumu aliitika, akaenda, na mti ukamwangukia. Wenzake walipoondoa matawi hawakukuta kitu. Kornelio alisema ametoroka. Kanisani nako mwinjilisti Methusela alisema hawezi kumpigia mtoro kengele ya msiba.

Sasa Tabea alimshika mwanawe mkono wakaenda kwa Methusela.

"Mwinjilisti, nimemleta mwenyewe."

Methusela alimtazama Nahumu, akavua kofia. "Pole, mwanangu. Uliumia sana?"

"Kifua tu."

"Basi Kornelio akikubali, kesho tunazika."

Kornelio alifika kwa baiskeli. Alimzunguka Nahumu, akabonyeza gome la mkono kwa kidole gumba.

"Mama, huyu si ndiye mwanao?"

"Ndiye."

"Nahumu!"

"Naam," akaitika Nahumu.

"Mnasikia wenyewe. Mkataba wake haujaisha. Jumatatu aje kazini."

"Baba, unampeleka maiti kazini?" Tabea aliuliza.

"Mimi nina kazi na watu wanaoitika."

Tabea alimgeukia mwinjilisti. Methusela alivaa kofia yake. "Ni kweli, Mama Nahumu," alisema taratibu. "Ameitika."

Jumatatu Nahumu alipewa shoka. Vibarua walimpisha katika mstari, na Lameki, aliyekuwa rafiki yake tangu darasa la kwanza, akamwambia, "Usisimame kimya namna hiyo, bwana, tutakukata kwa makosa!" Wakacheka, naye akacheka. Kila alipolipiga shina shoka, utomvu ulimtoka kifuani. Hakuchelewa hata siku moja. Kornelio alimsifu mbele ya wengine.

Kadiri msitu ulivyopungua, wenyewe walikosa pa kukaa. Waliteremka na ukungu, wakazunguka nyuma ya nyumba mchana kweupe, wakitaja majina ya vibarua kwa mpangilio uleule wa Kornelio. Watu wakazoea kutoitika. Watoto waliitwa chakula wakabaki wamekaa, mpaka mama atokee wamwone uso.

Msitu uliisha kabla ya Krismasi. Tabea alivaa nguo yake ya kanisani akaenda kumwuliza Kornelio kama sasa anaweza kumzika mwanawe. Kornelio alisema miwati haijipandi. Siku hiyohiyo Nahumu alipewa jembe.

Anaporudi jioni, Tabea humvua shati na kumfuta utomvu kwa upande wa kaniki yake, kifuani kwanza. Kisha humgeuza, kwa sababu magome sasa yamefika mgongoni, na huko mwenyewe hawezi kujifikia.