Mpangaji wa Sanduku la Kioo

Saa sita mchana, fundi cherehani alitazama ndani ya sanduku la kioo akakuta chatu hayumo. Mkononi alikuwa na suruali ya mwalimu mkuu, mguu mmoja umenyooka kwa pasi, wa pili bado.

Akainama, akatazama tena. Gogo lilikuwepo. Bakuli la maji lilikuwepo. Mwenyewe hayupo. Na hata kabla hajapata mtu wa kumsukumia kosa, alijua ni lake. Komeo la kifuniko lilikuwa limevunjika siku nyingi, na juu yake iliwekwa pasi ya makaa, ile nzito ya chuma, isiyotumika ila umeme ukikatika. Umeme ulikatika saa nne. Mwalimu mkuu alikuwa na mkutano saa saba. Basi fundi akaibeba pasi, akaitia makaa, akaendelea na kazi yake kwa moyo mkunjufu. Fundi gani asingefanya hivyo? Ndiyo maana mafundi hawafugi nyoka.

Nyoka alikuwa wa mwanawe wa pekee, dereva wa lori. Vijana wa rika lake walileta nyumbani wake zao. Yeye alileta chatu. Fundi, mama mtu, alimpima chatu kwa utepe wake siku ile ile akapata utepe mzima na shubiri mbili, akampa jina la Mpangaji, kwa kuwa alilala kutwa, hakuamkia mtu na hakushika ufagio. Mwanawe alibandika masharti ukutani: kifuniko kisiachwe bila uzito; aliyemshika sungura asimsogelee chatu mpaka anawe kwa sabuni hadi kwenye viwiko; wanyama wawili wasikutane chumba kimoja.

Sungura, sasa, ndiye aliyemfanya fundi atupe suruali ya watu sakafuni.

Chumba cha pili alilala dada yake mkubwa. Kiharusi kilikuwa kimeuzima upande wake wote wa kushoto, na maneno yake yote, naye alikuwa msemaji huyo, yakabaki mawili: "eh" ya kukubali na "aa" ya kukataa. Miezi mitatu aligeukia ukuta, akakataa chakula, akaisha mpaka akawa kama mkunjo wa shuka. Ndipo jirani akaleta sungura mweupe, Pamba. Dada akageuka amtazame. Tangu siku hiyo alikula: jani moja la Pamba, kijiko kimoja cha kwake. Fundi hakutaka hata kufikiri Pamba akimezwa itakuwaje. Alijua. Ukuta utamchukua tena.

Alikimbilia huko kwanza. Dada alikuwa kitandani, amejifunika blanketi mpaka kifuani, Pamba juu yake anatafuna. Fundi akachungulia uvunguni, akatazama nyuma ya kabati, akapiga magoti tena uvunguni. Hakuna kitu. Akafunga mlango, akakunja kanga akaisokomeza chini ya mlango isibaki hata nafasi ya kupita mjusi. Hapo akavuta pumzi. Hao wawili, alau, wamesalimika.

Kisha akaipindua nyumba. Alivuta jokofu, akamwaga kikapu cha vitambaa, akachomoa droo za cherehani, akakung'uta gauni la bibi harusi mmoja mnene mpaka shanga zikaruka. Nje mvua ilinyesha, na baridi ilikuwa imeingia ndani kama mwenye nyumba.

Nyuma ya mlango dada akaita, "Aa."

Fundi akamjibu asubiri. Dada hakupenda kufungiwa mlango, hilo lilijulikana.

"Aa. Aa."

Akamwambia, kwa ukali kidogo ambao baadaye ulimchoma, kwamba ameshikika, atulie.

Mwisho akampigia mwanawe. Alijaribu kwanza kuzunguka, akauliza habari za barabara, na mwanawe, ambaye hajawahi kupigiwa na mamake mchana ili kuulizwa barabara, akauliza ametoroka saa ngapi.

"Hatafuti chakula, Mama, amekula juzi," alisema. "Kama umeme umekatika, taa yake ya joto imezimika. Anatafuta joto. Wapi hapo ndani pana joto?"

Fundi akatazama jiko lililopoa. Akatazama jokofu, kimya. Pasi ilikuwa barazani. Katika nyumba ile nzima, kitu chenye joto kilikuwa kimoja tu, na yeye mwenyewe alikuwa amekifungia mlango na kanga chini yake.

Akaufungua. Dada alikuwa hajasogea, angesogea vipi? Jasho lilimtiririka. Mkono wa kulia ulikuwa umemkandamiza Pamba kifuani, naye Pamba alipiga mateke, kucha zimeuchana mkono ule mpaka damu. Fundi akainua upindo wa blanketi. Mpangaji alikuwa amejizungusha mara tatu kwenye mkono wa kushoto, ule usiohisi kitu, na kichwa chake kimeinuka kuelekea manyoya meupe.

"Yuko kwa Dada, na Pamba yuko hapo hapo!" Fundi alipiga ukelele, akanyoosha mkono. Simu, ambayo hakuikata, ikasema:

"Mama, asubuhi umemlisha sungura?"

Alikuwa amemlisha.

"Basi una harufu yake. Ukimgusa hivyo atakuuma, au atabana. Kanawe kwanza. Na sungura msimwondoe, asitikisike."

Kwa hiyo ilimbidi ampe mgongo. Kati ya yote ya siku ile hilo ndilo lililomshinda kusimulia: dada yake amemwona, ametumaini, kisha anamwona anatoka tena. "Nanawa tu, Dada," alisema. Alijisugua mpaka kwenye viwiko, sabuni ikamponyoka mara mbili, akalia huku anasuuza.

Akarudi na taulo. Akalitupa juu ya kichwa cha nyoka, akamshika mkiani, akaanza kufungua, zungusho moja, la pili, polepole kama anayefumua mshono wa kitambaa cha hariri. La tatu likakaza. Akangoja. Pamba hakutikisika, ule mkono wenye damu haukumruhusu. Likalegea.

Alipokwisha kumtia ndani ya foronya na kuifunga fundo, dada bado hakumwachia sungura. Fundi akaichukua simu.

"Kamtafutie mahali, leo hii," alisema.

"Mama, hajafanya kosa."

"Hajafanya. Nimefanya mimi. Na kesho akija mteja mwenye haraka nitafanya tena, najijua. Mtafutie nyumba isiyo na mimi."

 Kisha mwanawe akasema yuko rafiki yake mwenye chumba kitupu, huyo atapita jioni kumchukua.

Fundi akasema vyema. Akaketi ukingoni mwa kitanda, upande wa kushoto, akaupandisha mkono usiohisi mapajani mwake na kuanza kuusugua palipobaki alama, ingawa mwenye mkono hakuwa na habari.